Mkifika kwa Mgonjwa, Ketini

(Mhadhara kwa wanafunzi wa uuguzi)

Wanangu, mnaingia wodini wiki ijayo, nami nina ombi moja kubwa: mkifika kwa mgonjwa, ketini.

Mama amelala kitandani, wewe umesimama juu yake na faili mkononi, mguu mmoja umeshaelekea mlangoni. Hata ukimwambia "pole mama, nakusikiliza", ule mguu umeshamwambia kuwa unaondoka. Atakujibu kwa mkato, na lile linalomsumbua zaidi, pengine damu anayoona haya kuitaja, litabaki moyoni mwake. Katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, watafiti walimfuatilia daktari aliyeketi kwa baadhi ya wagonjwa na kusimama kwa wengine. Muda aliotumia ulikaribiana, lakini wale aliowaketia waliona amekaa nao zaidi. Kwa hiyo msiniambie foleni ni ndefu.

Ukishaketi, mgeukie mwili mzima. Simu iwe mfukoni. Itikia kwa kichwa anapozungumza, na akinyamaza, nyamaza naye. Wengi wetu hukimbilia swali jingine wakati mtu ndiyo kwanza anajikaza aseme.

Kuhusu macho, naomba mnisikilize vizuri. Vitabu vingi tunavyofundishia vimeandikwa ughaibuni, navyo vinasisitiza umtazame mtu machoni. Binti aliyelelewa kuinamisha macho mbele ya wakubwa hafichi kitu asipokutazama, anakuheshimu. Ukimkazia macho, umemtisha. Mtazame kidogo, shusha macho, kisha mrudie. Mzee naye mwamkie kwanza, uiname kidogo unapompa mkono, wa kushoto ukiushika wa kulia. Nanyi vijana wa kiume, mama wa Kiislamu asipotoa mkono, weka kiganja kifuani, salamu imetimia.

Mtasikia pia kwamba asilimia 93 ya mawasiliano ni sauti na mwili. Hilo msilibebe. Limetokana na tafiti za mwanasaikolojia Albert Mehrabian za mwaka 1967, nazo zilihusu jambo dogo zaidi: mtu anavyopima kama anapendwa au la, pale maneno, sauti na uso vinapopingana. Huwezi kueleza dozi kwa tabasamu. Vidonge viwili mara tatu kwa siku lazima visemwe, tena visemwe sawasawa.

Haya, kaeni wawili wawili. Mmoja awe mgonjwa mwenye jambo la siri, tuone nani ataambiwa.