Tati ya Matunda na Kastadi kwa Jiko la Kampala

Hamjambo nyumbani. Kampala, Jinja, Mbarara, Arua, na ninyi wenzangu wa kyeyo, Waganda tunaofanya kazi ughaibuni, mnaotazama baada ya zamu ya usiku, karibuni jikoni. Leo tunaoka tati ya matunda: ganda kavu la biskuti, kastadi nzito ndani, matunda yamepangwa juu yanang'aa. Asili yake ni Ufaransa, na mapishi mengi mtakayoyakuta yameandikwa na watu wenye jiko la baridi. Ukiyafuata yalivyo ukiwa Ntinda, hapo Kampala, saa nane mchana, ganda linalowa na kastadi inatiririka. Ndiyo maana karibu kila nitakachosema leo kinahusu adui mmoja, maji.

Ganda kwanza. Kwa chombo cha sentimita 24 nina gramu 220 za unga wa ngano wa kawaida usiotiwa hamira, gramu 110 za siagi baridi, gramu 70 za sukari ya aisingi, kiini kimoja cha yai, chumvi kidogo, na maji ya friji vijiko viwili vya mezani, ambavyo huenda usivimalize. Mwenye Blue Band atumie gramu zile zile. Ni rahisi kuifanyia kazi kwenye joto kwa sababu haiyeyuki haraka kama siagi, ila ile harufu ya siagi hutaipata, na chumvi usiongeze.

Fikicha siagi kwenye unga kwa ncha za vidole hadi isionekane tena, tia sukari, kisha kiini, kisha maji kidogo kidogo. Hapa ndipo mkono uliozoea chapati unapoharibu kazi. Chapati unaikanda hadi donge livutike. Hili unalikusanya tu likishikana, unaacha. Ukilikanda, glutini, ile protini ya ngano inayovutika, inakaza, na ndani ya oveni ganda linajivuta, kuta zinashuka, unabaki na kisahani. Lifunge kwenye nailoni, lilaze friji saa nzima.

Lisukume kati ya nailoni mbili, unene wa milimita tatu. Likianza kunata usiongeze unga, lirudishe friji dakika kumi. Unapoliweka kwenye chombo, lisukumie kwenye pembe bila kulivuta. Toboa chini kwa uma, rudisha friji nusu saa. Kisha tandika karatasi ya kuokea, jaza maharagwe makavu hadi ukingoni, oka nyuzi 180 kwa dakika 18. Ondoa karatasi na maharagwe, rudisha dakika nyingine kumi hadi chini pawe na rangi ya kahawia hafifu. Ganda jeupe halijaiva, hata kingo zikipendeza vipi. Maharagwe hayo hayaliki tena. Yawekeni kwenye kopo la kazi hii.

Wa sigiri, mnaweza. Sufuria kubwa nzito, mchanga mkavu chini, kigae au vijiwe vitatu vya kuinua chombo, moto kidogo chini na makaa mengi zaidi juu ya kifuniko. Oka viganda vidogo vya sentimita nane au kumi badala ya kimoja kikubwa. Moto wa mkaa hauko sawa pande zote, na kidogo ni rahisi kukigeuza.

Ganda likiwa bado moto, lipake ute wa yai kwa brashi, lirudishe oveni dakika mbili. Ute unaganda na kuziba vitundu, kastadi haipenyi. Chokoleti iliyoyeyushwa nayo inaziba vizuri, ukipenda ladha yake.

Kastadi sasa, na hapa ninyi mmetuzidi. Hapa London mtu anakaa na kijiti kimoja cha vanila akikihesabu. Uganda vanila inavunwa misimu miwili kwa mwaka, katikati ya mwaka na mwishoni mwake, na Mukono, Kayunga, Kasese na Bundibugyo wanailima. Nunueni iliyokwisha kukaushwa: nyeusi, laini, inayopindika bila kuvunjika. Ile ya kijani haina harufu, na anayekuuzia pengine kaichuma kabla ya wakati. Pasua kijiti, kwangua mbegu, tia vyote kwenye nusu lita ya maziwa, pasha hadi karibu kuchemka, funika dakika 20. Maziwa ya kupimiwa dukani yachemsheni kwanza yapoe, ndipo mpime.

Kwenye bakuli piga viini vinne na gramu 100 za sukari, tia gramu 40 za konfulawa. Konfulawa ni wanga mweupe wa mahindi; unga wa posho hapana, utapata uji wenye chengachenga. Mimina maziwa ya moto taratibu huku unapiga, rudisha vyote kwenye sufuria, koroga kwa mchapo wa waya bila kusimama, hasa pembeni chini.

Sikilizeni hapa vizuri. Kastadi inakuwa nzito kabla ya kuiva, na wengi wanazima moto wakiona imeshika. Kiini cha yai kina kimeng'enya kinachokula wanga. Usipokiua kwa moto, kastadi iliyosimama jioni asubuhi ni supu, na lawama anabebeshwa muuza konfulawa. Subiri mapovu mazito yapasuke katikati ya sufuria, endelea kukoroga dakika mbili nzima. Haitakatika, wanga unayalinda mayai. Walioko Kabale wafanye dakika tatu, kwa sababu huko juu maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 95. Epua, tia gramu 30 za siagi, mimina kwenye sahani pana, bandika nailoni iguse uso wake isitengeneze ngozi. Ipoe kabisa. Kastadi ya uvuguvugu inatoa mvuke, na mvuke ni maji.

Matunda. Embe lililoiva lakini bado gumu, lisilo na nyuzi, ndilo mfalme wa kazi hii. Nanasi la Kayunga lina utamu wa kutosha, ila kabla ya kupikwa lina kimeng'enya kinachovunja protini ya maziwa: kastadi inakuwa chungu na kulegea. Likate vipande vyembamba, lichemshe dakika tano kwenye maji na sukari, lichuje, lipoe. Papai lina tabia hiyo hiyo na maji juu yake, mimi siliweki. Tikiti maji hata msilifikirie. Bogoya, zile ndizi tamu za kula mbivu, kateni mwisho kabisa, mzipitishe kwenye maji yenye ndimu zisiwe nyeusi. Entuntunu, vile vitunda vya dhahabu vinavyokua ndani ya ganda kama karatasi, wekeni nzima, au zilizokatwa nusu, na banange, zinapendeza kuliko stroberi zilizoletwa kwa ndege tunazouziwa huku.

Kila tunda likaushwe kwa kitambaa safi kabla halijagusa kastadi. Jaza kastadi, sawazisha, anza kupanga kutoka ukingoni: vipande vya embe vya milimita tatu, kila kimoja kikilalia mwenzake, duara la pili liende upande wa pili. Rangi mbili au tatu zinatosha. Vipande vyembamba zaidi, vya milimita mbili, vinajikunja kuwa waridi la katikati.

Mng'ao tutautoa kwenye pasheni. Juisi yake iliyochujwa mililita 100, maji mililita 100, sukari gramu 60, konfulawa kijiko kimoja cha mezani. Koroga ikiwa baridi, chemsha dakika moja tu, maana ukali wa tunda hulegeza wanga ukichemka sana. Ikiwa vuguvugu, paka kwa brashi, usimwage. Asiye na pasheni ayeyushe jamu ya nanasi vijiko vinne na maji viwili, aichuje.

Panga saa tatu au nne kabla ya kula, si usiku wa jana, na iwe friji hadi wageni wakae. Juu ya meza isikae zaidi ya muda wa saa mbili, kwa sababu maziwa na mayai kwenye joto hayana msamaha. Kata kwa kisu chenye meno, ukikifuta kila baada ya kipande. Ikibaki, itoe siku ya pili kwa watoto, hata ganda likiwa limelegea. Kwenye friza usiiweke: kastadi ya wanga ikiyeyuka inatema maji yote uliyohangaika kuyazuia.