Bibi wa Frasila Tatu

Ndugu Mwenyekiti, wahadhiri wenzangu, wanafunzi. Mlionisikia nikilisema hili mwaka jana, na mwaka juzi, kwamba vyuo vyetu vigawane kozi kwa mtandao, nivumilieni. Nitanyamaza likitendeka.

Nafundisha kusoma miswada ya Kiswahili ya hati za Kiarabu. Wanafunzi wangu walikuwa wanne. Ofisi ikaniandikia: chini ya kumi, kozi haifundishwi. Haya. Lakini wanne hapa, watatu Nairobi, wawili Zanzibar, wawili Mombasa, hao si kumi na mmoja?

Mtasema hati haifundishiki kwa mbali. Hebu ngojeni. Muhula mmoja nilimfundisha kijana aliyekuwa Mombasa, mimi nipo Dar es Salaam. Simu nimeiegemeza kwenye vitabu viwili, kamera inatazama barua ya mfanyabiashara wa zamani. Neno lenyewe ni herufi be mbili, kila moja na kasra yake, kile kistari cha irabu chini ya herufi. Akasoma: "Bibi, frasila tatu." Frasila, kile kipimo cha uzito cha zamani. Nikakaa kimya. Akarudia. "Mwalimu, bibi anapimwa kwa frasila?" Nikamuuliza, katika hati za zamani be hubeba herufi ngapi? Be, pe, hata mb. Na kasra? I, na e pia. Kimya kirefu, nikadhani mtandao umekatika. Kisha akapiga ukelele: "Pembe! Ni pembe za ndovu!" Jamani, mnataka ualimu gani zaidi ya huo?

Eti shahada ya masafa ni hafifu. Mandela alimaliza shahada yake ya sheria kupitia UNISA, chuo kikuu cha Afrika Kusini kinachofundisha kwa masafa, mwaka 1989, bado yumo kifungoni. Nani angethubutu kumwambia?

Wala kugawana si jambo geni. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, 1963 hadi 1970: sheria Dar, udaktari Makerere, uhandisi Nairobi. Mkenya aliyetaka sheria alifunga mizigo akaja huku. Leo nyaya za mtandao zimepita chini ya bahari, mizigo haifungwi. Kinachotakiwa kuvuka mpaka ni alama tu, nazo ndizo zinazokwama. Kijana wangu alifaulu. Chuo chake kikakataa kuiingiza kozi kwenye matokeo yake kwa sababu haina namba ya kwao. Namba!

Ada zigawanywe vipi, mitihani asimamie nani, nina kurasa tatu hapa, ila Mwenyekiti ameshaniinulia kikaratasi. Nastaafu Juni. Anayeitaka ile simu na vile vitabu viwili vya kuegemezea, anifuate mlangoni.