Wimbo Ulionunua Uko Mikononi mwa Nani?

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Mliomba kikao cha leo kiwe cha muziki kwenye kompyuta: tuununue wapi, tugawane vipi, na mipaka iko wapi. Nitaanza na faili lenyewe, maana asiyelijua faili huuziwa chochote.

Sauti iliyo kwenye CD hupimwa mara 44,100 kila sekunde, kushoto na kulia. Ukiihamishia kwenye kompyuta kama ilivyo, dakika moja inakula takriban megabaiti 10. Kwa intaneti ya miaka ya 1990, iliyopitia waya wa simu ya mezani, huo ulikuwa mzigo usiobebeka. Wahandisi wa taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani, akiwemo Karlheinz Brandenburg, walichunguza ni sauti zipi sikio la binadamu halizisikii pale sauti kubwa inapozifunika, wakazitoa. Hiyo ndiyo MP3. Kwa kilobiti 128 kwa sekunde, dakika moja inashuka hadi karibu megabaiti moja.

Kilichotolewa hakirudi. Nasisitiza hili kwa sababu mafaili mengi yanayozunguka mjini yameandikwa 320 wakati asili yake ni 128. Mtu amelipitisha faili kwenye programu, likanenepa, sauti ikabaki ileile. Huo ni uchakachuaji kama mwingine wowote. Msikilize matoazi ya ngoma kwa spika za masikioni: yakilia kana kwamba yako ndani ya maji, mjue wimbo umeshabanwa mno huko nyuma, hata namba isemeje.

Sasa kugawana. Mwaka 1999 kijana wa Marekani, Shawn Fanning, alitoa programu ya Napster akiwa bado mwanafunzi wa chuo. Seva za Napster hazikuwa na nyimbo. Zilikuwa na orodha tu ya nani ana nini, na faili likatoka kwenye kompyuta ya mtu mmoja kwenda ya mwingine moja kwa moja. Kampuni za muziki zilikwenda mahakamani, na Julai 2001 huduma ikasimama. Lakini watu walikwishaonja.

Sisi tulifanya yaleyale bila intaneti. Nani hapa hajarushiwa wimbo kwa Bluetooth, simu mbili zimelazwa pamoja mezani? Nani hajapeleka memori kadi kwa kijana mwenye kompyuta pembeni mwa barabara? Folda zake zimepangwa vizuri kabisa: Bongo Fleva, taarab, dansi, injili, Kikongo. Unachagua, unalipa, anakujazia kadi. Kijana yule alikuwa anatoa huduma ya kweli, kwa sababu wengi wetu hatukuwa na pengine pa kuupata muziki wetu wenyewe. Ila hela ile iliishia pale pale mezani. Aliyetunga, aliyeimba na aliyepiga gitaa hawakuona hata senti, na siwezi kuwaambia kwamba hilo ni sawa.

Duka halali lililobadilisha mambo lilifunguliwa na Apple tarehe 28 Aprili 2003, likiwa na nyimbo zipatazo 200,000, kila mmoja senti 99 za dola. Watu walikuwa tayari kulipa, tena kwa wingi. Tatizo ni kwamba mafaili yale yalikuwa na kufuli: yalicheza kwenye kompyuta chache tu ulizoziidhinisha. Maduka mengine yalikuwa na kufuli za kwao. Sasa fikirini yaliyowapata wateja wa duka la muziki la Yahoo. Mwaka 2008 kampuni ilitangaza kwamba seva zinazotoa funguo zitazimwa mwisho wa Septemba. Nyimbo zingebaki kwenye diski ya mteja, zimelipiwa, lakini akihamia kompyuta mpya hazifunguki. Kelele zilipigwa na wateja wakaahidiwa fidia. Mwaka uliofuata Apple nao wakaondoa kufuli kwenye nyimbo walizouza.

Haya si ya kale, wenzangu. Kufuli limerudi kwa mlango mwingine: huduma za kusikiliza muziki mtandaoni. Boomplay tuliizoea kwa sababu ilikuja ndani ya simu za Tecno, na Spotify ilifika Tanzania, Kenya na Uganda Februari 2021. Ni huduma nzuri, na mimi nazitumia kusikiliza wasanii nisiowajua. Lakini pale ni upangaji: ukiacha kulipa kodi, nyimbo ulizohifadhi zinafungwa, na mwenye nyumba akikorofishana na mwenye nyimbo, albamu inatoweka usiku mmoja. Hata ule wimbo "uliopakua" ndani ya programu haunakiliki kwenye fleshi. Halafu kuna bando. Saa moja ya kusikiliza kwa kilobiti 96 ni takriban megabaiti 43, na usipokuwa umeuhifadhi, kesho unalipia tena.

Ndiyo maana nawashauri: muziki mnaoupenda kweli, ule mnaotaka watoto wenu waukute, nunueni faili lisilo na kufuli. Duka la mtandaoni la Bandcamp, kwa mfano, hukata asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali, na baada ya makato ya malipo kinachobaki kinamwendea msanii au kampuni yake. Mnunuzi huchagua MP3 au FLAC, ambayo hubana faili bila kutupa kitu. Chukueni FLAC, wekeni nakala kwenye diski ya nje, kisha mtengeneze MP3 ya simu kutoka hapo.

Nikiwafungulia sasa faili moja kwenye ukuta, mtaona linaloniuma zaidi. Huu ni wimbo wa dansi uliotoka kwenye kadi. Tazameni tagi, yaani maelezo ya wimbo yaliyoandikwa ndani ya faili. Pahali pa jina la msanii pameandikwa anwani ya tovuti. Albamu: tovuti. Mtunzi: patupu. Sauti ni ya Marijani Rajabu, lakini aliimba Safari Trippers, akaimba pia Dar International; hapa bendi haijulikani, mwaka haujulikani, wapigaji ndio kabisa. Tumeunakili wimbo huu kwa miaka na katika kila nakala tumewafuta wenyewe.

Kwa sheria yetu ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999, kazi hulindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Marijani alifariki 1995, kwa hiyo alizotunga zina wenyewe hadi 2045. Kwa hiyo kikundi chetu hakitagawa nyimbo hizi. Tagi tunaweza kuzirekebisha, na tuanze leo. Mwenye kaseti au sahani ya santuri nyumbani aje na jalada lake, tusome majina yaliyochapwa tuyaandike kwenye faili: bendi, mtunzi, mwaka. Mkimfahamu mpiga gitaa aliye hai, mpigieni simu mumuulize nani alikuwa studio siku ile. Maswali, karibuni.