Kuthibitisha Ni Jambo Moja, Kuhifadhi Ni Jingine: Faragha na Ulaghai katika Masoko ya Sarafu za Kidijitali

Mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kuja kunisikiliza. Nimeombwa nieleze jinsi soko la kubadilishia sarafu za kidijitali linavyoweza kuilinda faragha ya mteja na papo hapo kuwazuia walaghai. Mara nyingi jambo hili huelezwa kwa mfano wa mizani, kwamba faragha ikipanda upande mmoja, usalama hushuka upande wa pili. Sikubaliani na mfano huo, na nitaanza kwa tukio linalouvunja.

Mwezi Mei mwaka 2025, Coinbase, soko kubwa la sarafu hizi nchini Marekani, lilitangaza kwamba wahalifu waliwahonga baadhi ya wahudumu wa wateja waliokuwa wakifanya kazi nje ya nchi hiyo, nao wakawatolea taarifa za wateja zaidi ya 69,000. Hawakupata nywila wala funguo za siri za pochi, yaani namba za siri zinazomruhusu mwenye sarafu kuzihamisha. Walichopata ni majina, anwani za makazi, namba za simu, picha za vitambulisho vilivyotolewa na serikali, pamoja na kumbukumbu za salio na miamala. Kusudi lao lilikuwa kuwaendea wateja hao wakijifanya watumishi wa kampuni, ili wawashawishi kuhamisha fedha kwa mikono yao wenyewe. Hebu mfikirieni mtu anayepigiwa simu na sauti ya upole inayomtaja kwa majina yake yote, inayojua anapoishi na inayojua ana kiasi gani kwenye akaunti. Atapata wapi sababu ya kushuku? Wahalifu walidai dola milioni 20 ili wanyamaze. Kampuni ilikataa, ikatenga kiasi hicho hicho kiwe zawadi kwa atakayetoa habari za kuwatia mbaroni.

Taarifa zile ziliombwa kwa wateja kwa jina la usalama, nazo ndizo zilizogeuka kuwa silaha ya mlaghai. Haikuwa mara ya kwanza. Mwezi Desemba 2020 majina, anwani na namba za simu za wanunuzi wapatao 272,000 wa vifaa vya Ledger, kampuni ya Ufaransa inayotengeneza pochi za kutunzia funguo, zilianikwa hadharani. Vifaa vyenyewe havikuvunjwa, lakini wenye vifaa walianza kupokea ujumbe wa hadaa na hata vitisho. Kwa hiyo faragha iliyovuja haikukaa upande mwingine wa mizani na usalama. Ilianguka pamoja nao.

Sisemi kwamba masoko yaache kumtambua mteja. Mwezi Juni 2019 Kikosi Kazi cha kimataifa kinachosimamia viwango vya kuzuia utakatishaji fedha, kinachojulikana kwa kifupi FATF, kiliyataka masoko haya yaambatanishe taarifa za mtumaji na mpokeaji katika kila uhamisho unaozidi dola au euro 1,000. Umoja wa Ulaya ulikwenda mbali zaidi: tangu tarehe 30 Desemba 2024, uhamisho unaopitia kwa watoa huduma za sarafu hizi hauna kiwango cha chini cha kusamehewa. Sababu ya masharti hayo inaeleweka. Mtu aliyeporwa akiba yake kwa hila huwa na tumaini moja tu, kwamba mwizi atapita kwenye soko linalomjua wakati wa kugeuza sarafu kuwa fedha za kawaida. Lango hilo likiachwa bila mlinzi, tumaini hilo halipo tena.

Hata hivyo, kuna tofauti kati ya soko hili na benki ambayo watunga sheria wengi, kwa maoni yangu, hawajaipa uzito wake. Daftari la bitcoin, mojawapo ya sarafu hizi, ni la umma, na miamala yote tangu Januari 2009 inasomeka na yeyote. Andiko la mwaka 2008 la mwasisi wa bitcoin, anayejulikana kwa jina la bandia la Satoshi Nakamoto, lilishauri kila muamala utumie jozi mpya ya funguo ili usifungamanishwe na mtu, na lilikiri papo hapo kwamba mwenye ufunguo mmoja akijulikana, miamala yake mingine inaweza kujulikana pia. Uwazi huo una faida. Bitcoin 119,754 ziliibwa kutoka soko la Bitfinex mwaka 2016, na kwa kuwa mienendo yake ilibaki daftarini, wapelelezi wa Marekani waliweza kukamata takriban 94,000 kati yake mwezi Februari 2022. Lakini uwazi huo huo unamkabili pia mteja asiye na hatia. Kumbukumbu ya benki ikivuja, inafichua akaunti moja mpaka siku ya uvujaji. Hapa, anayeshika karatasi inayounganisha jina la mtu na anwani yake ya daftarini, yaani namba inayowakilisha pochi yake, anaweza kumfuatilia mtu huyo nyuma na mbele, miaka mingi baada ya soko kuziba ufa wake. Karatasi hiyo ndiyo kitu cha hatari kuliko vyote ndani ya jengo, na mara nyingi hulindwa kama fomu ya kawaida.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba kuthibitisha ni jambo moja na kuhifadhi ni jingine. Viwango vya FATF vinataka kumbukumbu zitunzwe kwa angalau miaka mitano, kwa hiyo siwezi kuwashauri wazifute kesho. Lakini hakuna kiwango kinachotaka picha ya kitambulisho ionekane kwenye kompyuta ya mhudumu anayejibu swali la mteja aliyesahau nywila. Picha ikishahakikiwa, ifungiwe mahali pa peke yake, isimbwe, na ifunguliwe kwa idhini ya watu wawili huku kila ufunguzi ukiandikwa. Mhudumu atosheke na neno moja: amethibitishwa. Kihesabu tunaweza kufika mbali zaidi. Mwaka 1985 wanasayansi wa kompyuta Goldwasser, Micali na Rackoff walionyesha kwamba mtu anaweza kuthibitisha ukweli wa jambo bila kufichua kingine chochote, na kwa njia hiyo mteja angeweza kuthibitisha kuwa ametimiza umri unaotakiwa bila kutaja tarehe yake ya kuzaliwa.

Hisabati hiyo haimsaidii mteja halisi aliyedanganywa akatuma fedha mwenyewe. Kitambulisho chake ni cha kweli na uso ni wake. Kinachomwokoa ni mwenendo wa akaunti: kifaa kipya, nywila iliyobadilishwa saa hiyo, anwani ambayo hajawahi kuitumia, na salio lote kuondoka kwa mkupuo. Kuchelewesha utoaji wa namna hiyo kwa siku moja, pamoja na onyo lililoandikwa kwa lugha nyepesi, kunazuia mengi kuliko kumdai picha ya pili ya pasipoti, wala hakuongezi chochote kwenye ghala la siri zake.

Mashine inayochunguza mwenendo huo itakosea, na mwenye haki atafungiwa akaunti. Soko likiwa limetoa ripoti ya shaka kwa mamlaka, sheria za nchi nyingi hulikataza kumwambia mteja, na katazo hilo naliheshimu. Lakini halikatazi kumwambia kwamba akaunti imesimamishwa, mapitio yatachukua muda gani, na kwamba binadamu, si mashine peke yake, ndiye atakayeamua.