Asiyelia Naye Anaumwa

Assalaam alaikum. Wazazi wangu, walimu, nanyi vijana mliojaza viti vya nyuma, ahsanteni kwa kunialika.

Nimeombwa nieleze jinsi kazi ya kutunza wanyama inavyomjenga mtu. Basi twendeni Lamu, nilikojifunza kazi hiyo. Vichochoro vya mji wa kale havipitishi gari. Mchanga, saruji, mawe, boriti, vyote hupanda mgongoni mwa punda. Mwaka 1987 The Donkey Sanctuary, shirika la Uingereza lililoanzishwa na Elisabeth Svendsen, lilifungua pale kituo cha kutibu punda bila malipo. Nilikwenda kujitolea nikiwa kijana asiye na ajira, nikakabidhiwa fagio.

Watu husema shukrani ya punda ni mateke. Nawaambia, punda mgonjwa hana hata hayo mateke. Akiumwa hunyamaza, maana porini anayeonyesha unyonge ndiye anayeliwa kwanza. Tumbo likimsokota, pengine kwa mifuko ya plastiki aliyoila jaani, farasi angejibwaga na kugaagaa. Punda aghalabu husimama tu, kichwa chini, majani mbele yake hayagusi. Mpita njia ataona punda anayepumzika. Mzoefu ataona mgonjwa wa kukimbiliwa: punda hawezi kutapika, na akikaa bila kula, mafuta ya mwili humiminika kwenye damu na kuharibu ini.

Kwa hiyo unajifunza kutazama. Masikio yamekaaje? Pua zinatanuka? Kinyesi cha asubuhi kipo? Unapitisha kiganja mgongoni, taratibu, mpaka ngozi itetemeke chini ya vidole. Hapo ndipo kamba ya nailoni ilipomla.

Siku moja alikufa punda mmoja kati ya wawili waliozoea kutembea pamoja. Nilitaka tuuondoe mzoga upesi. Mkubwa wetu akasema, "Hebu mwacheni mwenziwe amuone." Yule aliyebaki akamnusa usoni, akamsukuma shingo kwa pua, akasogea kando, akarudi tena. Tukangoja mpaka alipoondoka mwenyewe. Punda akitenganishwa ghafla na mwenziwe anaweza kususa chakula, na nimeshawaambia kususa huko humfikisha wapi.

Leo mimi ni muuguzi. Wazee wetu wa pwani mnawajua. Ukimuuliza hali, atakujibu, "Sijambo mwanangu, alhamdulillahi," na huku jasho linamtoka, mkono haubanduki kifuani. Chuoni nilisoma dalili za moyo, lakini tabia ya kuutazama mkono kabla ya kuliamini jibu niliingia nayo wodini kutoka Lamu.

Jambo la pili ni wenye punda, na hili nalishikilia sana. Ni rahisi kumlaani mtu aliyeleta mnyama mwenye donda la mgongo. Lakini mzigo ule ndio unga wa nyumbani kwake. Ukimkaripia leo, kesho haji, na atakayeoza mgongo ni punda. Tulimkaribisha, tukasafisha donda mbele yake, tukamwonyesha namna ya kuweka tandiko nene la pamba lisilo na mshono unaokwaruza. Wengi walirudi, tena mapema. Siku hizi mama akileta mtoto homa imeshazidi, simuulizi alikuwa wapi. Namshukuru kuja, kisha nafanya kazi.

Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika waliafikiana kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Nilifurahi mno, maana nimeziona nyumba ambazo punda mmoja ndiye anayezilisha.

Vijana mnaotaka kuingia kazi hii, msikimbilie sindano. Ombeni zamu ya alfajiri na zizi la kusafisha, na kabla hamjazoa kinyesi, kitazameni: ni kikavu, ni laini, kina plastiki? Mkute jambo, mwiteni mganga wa mifugo saa ileile. Sasa karibuni maswali.