Gavana Jay Angekubali: Uchaguzi wa Marekani wa 1800 Ungekwendaje?

Zuhura: Karibuni tena kipindini. Leo tuko Marekani, mwaka 1800, kwenye ule mchezo wetu wa "ingekuwaje kama". Kaka Baraka, mada ni yako. Haya, tuambie.

Baraka: Dada Zuhura, nimekuja na barua moja tu. Tarehe 7 Mei 1800 Alexander Hamilton anamwandikia John Jay, gavana wa New York. Chama chao, Wafederali, kimetoka kuchapwa kwenye uchaguzi wa bunge la jimbo. Viti vyote 13 vya Jiji la New York vimekwenda kwa Warepublican wa enzi hizo (si chama cha leo), watu wa Thomas Jefferson, anayewania urais.

Zuhura: Mkono wa Aaron Burr huo, mwanasiasa wa New York wa upande wa Jefferson.

Baraka: Wake kabisa! Aliwabembeleza wazito, akina George Clinton aliyekuwa gavana miaka mingi na Jenerali Horatio Gates wa vita vya uhuru, wagombee viti vya kawaida tu vya jimbo. Wazee wenye majina yao.

Zuhura: Sasa msikilizaji atauliza, bunge la jimbo na urais wapi na wapi?

Baraka: Kwa New York, bunge hilo ndilo lililoteua wajumbe wa kumchagua rais, wote 12. Mwananchi hakuulizwa. Ukilishika bunge, umezishika kura 12. Lakini bunge la zamani lilikuwa bado halijamaliza muda wake, na humo Wafederali walikuwa wengi. Ndipo Hamilton akamwambia Jay: liite haraka, libadili sheria, wajumbe wachaguliwe na wananchi wilaya kwa wilaya. Angalau tugawane. Na akaongeza kwamba kwa nyakati zile haikufaa mtu kuona haya kupita kiasi, maana kazi ilikuwa kumzuia mtu asiyemwamini Mungu asishike usukani wa dola.

Zuhura: Jefferson huyo, maskini.

Baraka: Jay aliisoma, kisha akaandika juu ya barua yenyewe kwamba hili ni pendekezo la manufaa ya chama na haoni kama linamstahili yeye. Likaishia hapo.

Zuhura: Basi tulipindue. Jay anakubali.

Baraka: Matokeo halisi: kwa Warepublican, Jefferson 73 na Burr 73; kwa Wafederali, rais aliyekuwepo John Adams 65 na mwenzake Pinckney 64. Wajumbe walikuwa 138, kwa hiyo wingi ni 70. Mnyang'anye Jefferson watano wa New York, uwape Adams. Adams 70, Jefferson 68. Rais Adams anaendelea.

Zuhura: Na wakihama wanne?

Baraka: (anacheka) Wewe nawe! Wanne ni 69 kwa 69.

Zuhura: Hapo ndipo patamu. Katiba ya wakati ule haikumjua mgombea mwenza. Kila mjumbe aliandika majina mawili bila kusema yupi rais, yupi makamu. Ndiyo maana Jefferson na Burr walilingana. Sasa kama hakuna aliyepata wingi, Baraza la Wawakilishi linachagua kati ya watano wa juu, kila jimbo kura moja. Hebu wataje hao watano.

Baraka: Jefferson, Burr, Adams, Pinckney, na... ngoja. Kuna mjumbe mmoja wa Rhode Island alimpa kura yake ya pili...

Zuhura: John Jay! Ili Pinckney asilingane na Adams. Kwa hiyo gavana aliyechezea sheria angekuwa wa tano kwenye orodha.

Baraka: Acha wewe!

Zuhura: Na bado. Katika historia halisi, Jefferson na Burr walipolingana, Baraza lilipiga kura raundi 36 Februari 1801. Majimbo 16, yanatakiwa tisa. Jefferson ana manane, Burr sita, mawili yamegawanyika. Joseph Nicholson wa Maryland alibebwa kwenye theluji akiwa na homa, akapiga kura kitandani, maana bila yeye Maryland ingekwenda kwa Burr. Mwishowe James Bayard, mwakilishi pekee wa Delaware, akalegeza kamba, na Wafederali wenzake wa Maryland wakaacha karatasi tupu.

Baraka: Burr hakuwa mtu wao; Wafederali walimshika ili kumzuia Jefferson tu. Kumwacha ilikuwa rahisi.

Zuhura: Ehee! Lakini Adams akiwa kwenye orodha, rais aliyeko madarakani, wa chama chako, Bayard angemtupa? Mimi naona tarehe 4 Machi, siku ya rais mpya kuanza kazi, ingefika hakuna rais.

Baraka: Kwa hiyo Jay, kwa kukataa, aliiokoa nchi.

Zuhura: Polepole. Hapo sikubaliani nawe. Virginia ilibadili sheria yake Januari hiyohiyo ili Jefferson azoe kura zote 21, mbona hatumwiti mtu mwizi? Na hesabu ya majimbo ya Kusini ilinenepeshwa na watumwa: kila watu watano waliotumikishwa walihesabiwa kama watatu, bila wao kupiga kura hata moja. Hao ndio waliombeba Jefferson. Jay alikuwa muungwana ndani ya mchezo ambao wengine walishauchezea.

Baraka: Hilo nakupa. Ila muungwana ni muungwana.

Zuhura: Sawa. Sasa Haiti. Adams alifungua biashara na Toussaint Louverture, kiongozi wa mapinduzi ya watumwa kwenye koloni hilo la Ufaransa, mwaka 1799, na meli ya kivita ya Marekani ikaupiga mizinga mji wa Jacmel kumsaidia. Chini ya Jefferson mambo yakageuka, na mwaka 1806 Kongresi ikapiga marufuku biashara na Haiti. Kuitambua kukasubiri hadi 1862.

Baraka: Kwa hiyo Adams wa muhula wa pili angezuia ile marufuku?

Zuhura: Asingekuwepo. Muhula wake ungeisha Machi 1805. Ila Jenerali Leclerc anapotua Haiti na jeshi la Napoleon, mtawala wa Ufaransa, mwaka 1802, nani anakaa Washington ni jambo kubwa. Bidhaa za Marekani zinamfikia Toussaint au hazimfikii?

Baraka: Na Leclerc asiposhindwa, Louisiana, ile ardhi kubwa ya Ufaransa huko Amerika Kaskazini, haiuzwi kwa Marekani.

Zuhura: Au anashindwa mapema zaidi, na Napoleon anaiuza kwa Adams. Hilo tulibishanie wiki ijayo.