Jenereta ya nyumbani: usipunje swichi

Hamjambo, karibuni tena. Leo tuko Ruai, ua wa nyuma, na mashine yenyewe ndiyo hii. Lakini kabla sijavuta kamba, sogeeni muone hiki kisanduku nilichoshika. Mafundi wanakiita chenjiova, yaani swichi ya kuhamisha nyumba kati ya stima ya nje na jenereta. Kina mkono mmoja na alama tatu: I, sifuri, II. Kama pesa zako hazitoshi kununua hiki pamoja na jenereta unayoitamani, punguza ukubwa wa jenereta. Hiki usikipunguze. Sababu mtaiona tukifika kwenye nyaya.

Tuanze na hesabu. Chukua karatasi, zunguka nyumba, andika vile vitu ambavyo stima ikipotea saa moja jioni utavitaka kweli. Kwangu ni balbu 6 za LED za wati 9, televisheni ya wati 100, kidude cha Wi-Fi wati 15, friji wati 150, na pampu ya kupandisha maji kwenye tangi, ya nusu hospawa, ambayo ikishakimbia inakula kama wati 500. Jumla inakuja wati 819. Kidogo, sivyo?

Hapo ndipo wengi wetu tunaponaswa. Friji na pampu zina mota, na mota wakati wa kuamka hudai mara tatu ya chakula chake cha kawaida, pengine zaidi. Pampu yangu peke yake inaweza kutaka wati 1,500 kwa sekunde moja au mbili. Zile 500 za kawaida tayari tumezihesabu, kwa hiyo ongeza wati 1,000 juu ya ile jumla: sasa tuko wati 1,800 na ushee.

Shawa ya umeme inayochemsha maji papo hapo? Sahau. Ile ni wati 5,000 au zaidi. Birika la umeme na pasi pia, wacha vingoje stima irudi. Chai tutapikia gesi.

Sasa sikilizeni jambo ambalo muuzaji hakuambii. Injini inapumua hewa, na Nairobi iko juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Injini ya kawaida hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda, maana yake hapa tunapoteza kama asilimia 17. Halafu kuna ile kVA iliyoandikwa kwa herufi kubwa ubavuni. Zidisha kwa 0.8 upate kilowati. Jenereta ya kVA 3 ni kilowati 2.4, toa ile asilimia 17, umebaki na kilowati 2 hivi. Kwa nyumba yangu inatosha, tena kwa kubana.

Jenereta yangu ya kwanza sikuipigia hesabu hii. Niliambiwa dukani “hii inabeba nyumba mzima, boss,” nikalipa. Jioni ya kwanza pampu ikaamka, jenereta ikakohoa mara mbili, ikazima. Nilirudi kusoma kibao kwa tochi ya simu nikakuta ile namba kubwa ni ya kilele tu, nguvu inayoshikilia kwa muda mfupi sana. Namba ya kazi ya kila saa ilikuwa ndogo, imeandikwa chini kabisa. Soma hiyo ya chini.

Ukiwa dukani uliza pia kama waya za ndani ni shaba au alumini. Shaba ni nzito na ghali, lakini inavumilia joto. Ukiwa na kompyuta nyingi, tafuta jenereta ya aina ya inveta, umeme wake umetulia na kelele ni ndogo. Dizeli waachieni wenye mashine kubwa. Kwa saa mbili tatu za giza, petroli inatosha.

Mahali pa kuiweka. Hapa sina mzaha. Moshi wa jenereta una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ndiyo ile ile inayoua watu wakilala na jiko la makaa chumbani baridi ya Julai, ila jenereta inaitoa kwa wingi zaidi. Kwa hiyo si ndani, si kwenye ngazi, si kwenye gereji hata ukiacha mlango wazi. Hesabu hatua nami kutoka dirisha la jikoni… hapa. Mita 6, na bomba la moshi linatazama ukuta wa nje, si nyumba. Angalia na dirisha la jirani pia.

Wewe uliye kwenye fleti, ghorofa ya nne, na balkoni ya kuanikia nguo: usinunue jenereta. Nunua betri na inveta, kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani. Najua si jibu ulilokuja kulitafuta. Lakini balkoni haitoi moshi wa kutosha, na mwenye nyumba akikosa kukufukuza, majirani watakupeleka NEMA, mamlaka ya mazingira. Kanuni za kelele zipo tangu 2009 na usiku ni kali zaidi.

Haya, nyaya. Kuna watu hutengeneza waya wenye plagi ya meno matatu pande zote mbili. Upande mmoja kwenye jenereta, mwingine kwenye soketi ya ukutani, nyumba inawaka. Nimeona kwa macho yangu, na aliyefanya alijisifu. Tazameni kinachotokea. Umeme hauishii sebuleni. Unatoka kupitia mita, unapanda mlingoti hadi kwenye transfoma, na transfoma inafanya kazi pande zote mbili: volti zako 240 zinaweza kutoka upande wa pili zikiwa 11,000. Huko juu kuna fundi wa Kenya Power ameshika waya akiamini umekufa. Na stima ikirudi ghafla, inakutana na jenereta yako uso kwa uso. Mashine inaungua, pengine na nyumba. Tena ile plagi ikichomoka, meno yake yako wazi yakiwa na moto.

Chenjiova inazuia hayo yote kwa sababu mkono ni mmoja. Ukiwa I, nyumba iko kwa stima ya nje. Ukiwa II, iko kwa jenereta. Hauwezi kuwa kote. Chagua inayokata laivu, waya wenye moto, na nyutro, waya wa kurudisha umeme, kwa pamoja.

Kuifunga si kazi yako wala yangu. Tafuta fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, na mwambie akuonyeshe. Azime stima kwenye meni swichi na kupima kwa mita kabla ya kugusa. Muulize mambo mawili: athi ya jenereta, yaani waya wa ardhini, inaenda wapi, na nyutro imeunganishwaje na athi, maana bila hilo swichi ya kukinga shoti kwa mtu huenda isikate unapotumia jenereta. Akibabaika, mshukuru, tafuta mwingine. Kwa jenereta hii waya wa milimita 2.5 za mraba unatosha. Ya kilowati 5, au ikiwa mbali, panda hadi 4.

Sasa tuwashe. Mkono uko sifuri. Breka zote chini, yaani zimezimwa. Oili nimepima, petroli ipo. Navuta… hiyo. Iache ingurume dakika tatu bila mzigo. Mkono kwenda II. Friji kwanza, itulie, kisha pampu, halafu taa na televisheni. Kimoja kimoja.

Petroli ikiisha, zima, subiri ipoe robo saa, ndipo uongeze. Mtungi wa akiba ukae nje ya nyumba, umefungwa.

Stima ikirudi usikimbilie mkono. Mara nyingi hurudi na kupotea tena. Ngoja dakika kumi. Breka chini, mkono sifuri, kisha I.

Na iwashe kila mwezi, dakika 15, ikiwa na mzigo. Usiku wa 25 Agosti 2023, nchi karibu yote ikiwa gizani, hata uwanja wa ndege wa JKIA kulikuwa na jenereta iliyokataa kuwaka. Oili badilisha baada ya saa 20 za kwanza, halafu kila saa 100.

Mwisho, nafunga mfereji wa petroli injini ikiwa bado inakimbia, imalize iliyomo kwenye kabureta isije ikagandia humo. Sikilizeni… inapungua… imezima. Ikipoa nitaifunika turubai.